Kidole Kilichopinda

Bado nina hasira, na mwenye makosa ni mimi mwenyewe! Juzi hapa Tabora, wachoraji wastaafu tulikutana kutazama katuni zetu fupi za zamani, tulizochora kwa mkono, ili tutambue nani alichora kipande kipi. Nikajigamba kwamba jicho langu halikosei.

Kwenye katuni moja akatokea mkulima wa tumbaku akisonta kidole kilichopinda kama ndoana. Damu ikanichemka. Nikaruka mbele ya projekta, nikamsonta. "Mpuuzi gani aliyetuharibia kazi? Ajitokeze!"

Bi Zuwena, niliyekuwa nikichora naye meza moja, akaguna. "Mzee Maganga, kila mtu alichora mikono kwa kuangalia ya kwake. Hebu tazama kivuli chako."

Pale ukutani, vidole viwili vilivyopinda kama ndoana vilikuwa vinasontana.