Mkono wa Kulia na Breki ya Mbele

Kabla sijaitaka pikipiki, nilikuwa nimeshaijua kwa athari zake. Nilisomea tiba ya viungo, na kazi yangu ni kuwafuata wagonjwa majumbani: mzee aliyepooza upande mmoja anayejifunza upya kushika kijiko, bibi aliyevunjika nyonga, na vijana, vijana wengi mno, ambao miguu yao imeungwa kwa vyuma baada ya kuanguka na pikipiki au kugongwa nayo. Nimelishika goti la kijana wa rika langu nikalihisi likikataa kukunjika, naye akiuma mto ili mamake, aliyekuwa chumba cha pili, asimsikie.

Hata hivyo niliihitaji. Wagonjwa wangu wametapakaa kisiwani kote. Kwa miguu niliwafikia wachache, na wa mwisho niliwafikia jioni, mikono yangu haina tena nguvu ya kumnyanyua mtu kitandani. Niliamini, na ningali naamini, kwamba elimu isiyomfikia mgonjwa ni pambo tu. Nilijiambia kwamba kununua pikipiki ni wajibu. Lakini wajibu haukuniondolea usingizi wa mang'amung'amu, wala ndoto zile ambamo mimi ndiye niliyeuma mto.

Mamangu hakunikataza. Kwetu mama hana haja ya kukataza. Huizuia radhi yake tu, na mtoto mwenye akili hatoki mlangoni bila hiyo.

"Nunua," aliniambia, akichambua mchele. "Lakini kwanza uipitishe hapa chini ya dirisha niione. Nikikuona waimudu, takupa radhi. Nisipokuona waimudu, usije ukaniomba."

Radhi hiyo niliitaka kuliko pikipiki yenyewe. Bila hiyo, kila kona ya mji ningeiona kaburi.

Nilikwenda Bondeni kwa muuzaji wa pikipiki zilizotumika, pamoja na mtoto wa ami yangu, ambaye ameendesha tangu hajaota ndevu na hupenda kuniita Daktari, akijua fika kwamba mimi si daktari. Zilizonifaa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ndefu, yenye tangi pana na magurudumu yaliyojaa meno. Ya pili ilikuwa nyekundu iliyochujuka, fupi, na nyuma yake bado kulikuwa na chuma kilichowahi kufungiwa kreti za mikate.

"Hiyo ya mikate?" binamu alicheka. "Daktari, wagonjwa wako wakikuona juu ya hiyo watapona kwa kicheko."

Nilipanda ile nyeusi. "Vidole tu ndivyo vinavyofika chini."

"Kwani wataka kuiendesha au wataka kuivaa? Ikishakwenda, miguu chini ya nini?"

Muuzaji alituruhusu tuijaribu ile nyeusi, binamu akaiacha pikipiki yake pale dukani kuwa dhamana, tukaenda Kizingo, ambako barabara ni tulivu na miti imezifunika kwa kivuli. Binamu alikaa nyuma yangu akiniamuru juu ya klachi na gia. Mambo yalikwenda vyema. Nilikata kona, nilisimama, niliondoka bila kuizima. Pole pole hofu ilinitoka, na kule kutoka kwake ndiko kunakonitisha hadi leo. Nilisema kwa sauti ambayo sikuizoea, "Twende mtaani. Mama anione sasa hivi."

Tulipita mbele ya Ngome ya Yesu, na kwenye mdomo wa kichochoro chetu binamu aliruka chini. "Ingia peke yako," alisema. "Asidhani nimekushikia."

Watu walikuwa wametoka kusali Alasiri, na mabaraza yalikuwa yamejaa. Mtaani kwetu mtu hapiti barazani bila kutoa salamu, na salamu ni mkono wa kulia. Mkono wa kushoto una shughuli zake. Kumnyanyulia mkubwa wako mkono huo ni kumtukana mbele ya watu. Tangu utotoni nimepita kichochoroni humo kwa baiskeli nikiunyanyua ule wa kulia bila kufikiri, kama mtu anavyopepesa macho.

Kwenye baraza iliyo karibu kabisa na nyumba yetu alikuwa amekaa maalim aliyenifundisha Kurani chuoni, kikombe cha kahawa mkononi, miguu ameinyoosha, makubadhi yake ya ngozi ameyavua na kuyaweka chini.

"Masalkheri, maalim!" nilisema, na mkono ukanyanyuka.

Katika pikipiki mkono wa kulia ndio wenye mafuta, na ndio wenye breki ya mbele. Nililijua hilo, katika mtihani wa udereva nililijibu bila kusita. Lakini mkono wangu ulikuwa na elimu ya zamani zaidi. Pikipiki ilikwama, ikatikisika, ikainama kushoto kuelekea barazani. Nilinyoosha mguu kuitafuta ardhi, nikaigusa kwa ncha ya kiatu tu. Nikaurudisha mkono kwa pupa, na kwa kuushika mpini nikauzungusha. Ikanguruma. Ikaruka mbele.

Kisha kishindo cha gurudumu kwenye jiwe, na injini ikazimika.

Kikombe kilikuwa kikibingirika. Maalim alikuwa ameivuta miguu yake juu, magoti yamegusana na ndevu, kama mtoto anayekwepa maji ya mvua. Chini ya gurudumu la mbele kulikuwa na kubadhi moja, limelala bapa, ukanda wake umekatika. Nilipolitazama niliuona mguu ndani yake. Niliuona kwa jicho la kazi yangu: mifupa midogo ya unyayo, uvimbe, mkongojo, na mimi mwenyewe nimepiga magoti mbele ya mwalimu wangu nikimwomba ajaribu kukunja vidole.

"Masalkheri, mwanangu," maalim alijibu, kwa kuwa salamu lazima ijibiwe. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Salamu yako imefika. Sasa iondoe juu ya kiatu changu."

"Mara nyingine itume kwa posta!" mtu mmoja alisema barazani, na watu wakacheka, kicheko cha waliokuwa wameacha kupumua. Mimi sikuweza kucheka wala kushuka. Nilitazama juu. Kwenye dirisha letu niliviona vidole vya mamangu juu ya ubao. Kisha ubao ukafungwa polepole.

Nyumbani alinipakulia chakula kama kawaida. Neno radhi halikutajwa.

Kulipokucha binamu alinifuata. "Salimu kwa kushoto, basi. Au piga honi."

"Nimpigie maalim honi, kama mbuzi aliyelala njiani?"

"Basi pita tu. Watu wataelewa."

Huenda wangeelewa, na hilo nalo lilinitia hofu. Niliogopa kumlemaza mtu. Sasa niliogopa pia kuwa mtu anayepita mbele ya wazee wake macho yakiwa mbele, eti anawahi kuwahudumia wanadamu. Nilitamani kuacha kabisa. Lakini yule mzee wa kijiko alikuwa akinisubiri, na baada yake wengine.

Niliirudisha ile nyeusi Bondeni, nikaipanda ile nyekundu. Nyayo zangu zote mbili zililala chini, kisigino na vidole. "Kwa hii naweza kusimama, ndipo nisalimu," nilimwambia binamu.

"Utasimama kila baraza?" binamu aliuliza. "Utamkuta mgonjwa ameshapona, au ameshazikwa."

"Nitatoka mapema."

Niliingia nayo kichochoroni kwa mwendo wa mtu aliyebeba mtungi. Ndani ya helmeti nilisikia pumzi yangu tu. Mbele ya baraza ya kwanza nilisimama, nikazima injini, nikaweka miguu yote chini, ndipo nikanyanyua mkono. Nikafanya hivyo kwenye ya pili. Kwa maalim, ambaye kubadhi lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi, nilivua helmeti kabisa. Alinijibu, akaniuliza habari za wagonjwa.

Mamangu aliteremka mwenyewe, leso kichwani. Aliuweka mkono wake juu ya tangi, kisha juu ya bega langu.

"Mbona watetemeka?"

"Naogopa, mama."

Aliitazama miguu yangu, yote miwili chini. "Haya. Nenda. Radhi yangu unayo."

Niliwasha injini. Maalim, aliyekuwa akitutazama kwa tabasamu, aliivuta miguu yake juu ya baraza, mmoja baada ya mwingine, akaikunja chini ya kanzu. Hata leo, nikiwasha pale mbele yake, huikunja. Simlaumu; mimi huisubiri miguu ile ipande kwanza, ndipo niachie klachi.