Nilimsingizia kocha wa mashini ya kasia

Kosa ni yangu, bandugu, na sitaipunguza. Nilidanganya mtu aliyenitakia mema, kisha nikanyamaza wakati anafukuzwa kazi. Mi ni mama wa batoto batatu, mshonaji, mkimbizi wa Uvira, Congo, nakaa hapa Malawi, kambi ya Dzaleka. Jina langu naliacha. Kwaya yetu wakijua, nitaimbia wapi?

Zamani, tulipokuwa tunakaa Mchesi, Lilongwe, nilikuwa naenda kwenye jimu, nyumba moja ndogo ya mazoezi kule Area 36. Kulikuwa na mashini ya kupiga kasia: unakaa kwenye kiti kinachoteleza, unafunga miguu, unavuta mnyororo na kurudi nyuma kama uko kwenye mtumbwi. Bwana yangu, mtoto wa bavuvi, alicheka mpaka akakaa chini. Aliniuliza naenda wapi na kasia lote hilo, mbona kila siku narudi pale pale. Lakini kilo zilishuka, na nilijisikia mwepesi kama msichana.

Kisha serikali ikaturudisha bakimbizi kambini, na kasia likaishia hapo. Miaka miwili na nusu sikugusa ile mashini. Nilikaa kwenye cherehani kutoka asubuhi, na nsima, ugali wa huku, ya jioni sikuikataa hata siku moja.

Basi mdogo wangu akatangaza mariage, anaolewa, na mi njo nilichaguliwa kumsindikiza kanisani. Nikajishonea robe, gauni la siku hiyo, kwa vipimo vyangu vya zamani, kiburi tu, mshonaji mzima! Ilipofika kwenye mbavu ikagoma. Badala ya kupanua robe, nikasema nitapunguza mwili. Zilibaki wiki tano.

Siku za kwenda Lilongwe kununua vitambaa, nikapitia jimu. Kocha alikuwa mpya, Mmalawi, baba wa makamo, mpole, na Kiswahili alijifunza kwetu bakimbizi. Aliniuliza nimeacha mazoezi muda gani.

Nikamwambia wiki mbili.

Akaniangalia, akauliza tena. Nikasema mi ni wa zamani hapa, hiyo mashini inanijua. Alitaka nianze na dakika tano, polepole. Nikamwambia hayo ni ya batoto. Mwisho akanipa zoezi la bantu waliozoea, dakika ishirini, na akanionya nisukume kwa miguu, nisivute kwa mgongo.

Dakika nane za kwanza nilikuwa malkia. Pembeni kulikuwa na dada mwembamba anapiga kasia bila jasho, na mi nikaanza kushindana naye, yeye hata hajui. Miguu ikachoka, nikavuta kwa mgongo. Kocha akaniambia nipunguze. Sikupunguza. Kitu kikalia huku chini ya mgongo, nikabaki nimekunjika vile vile. Waliniteremsha bantu watatu, na huyo dada njo alinishika miguu. Aibu!

Nyumbani bwana yangu akauliza nani amenifanya hivi. Ningesema ukweli, ingeisha kwa kicheko. Lakini niliogopa hicho kicheko. Nikasema: "Ni kocha. Alinilazimisha."

Kesho yake akapanda gari mpaka kwa mwenye jimu, akamtukana kocha mbele yake. Yule hakuuliza maswali mengi. Kocha alifukuzwa siku hiyo hiyo. Bwana yangu alirudi kifua mbele. Mi nikageukia ukuta.

Nililala wiki tatu. Robe za wasindikizaji, nilizopewa kushona, zikaenda kwa mshonaji mwingine. Mariage niliiangalia kutoka kiti cha plastiki, nimejifunga kitenge, mtu mwingine anamsindikiza mdogo wangu. Bamama wa kanisa walikuwa wanakuja kuniombea, kila mmoja anamlaani yule kocha, na mi najibu amina. Hiyo amina iliniuma kuliko mgongo.

Nilipoweza kutembea vizuri, nilimwambia bwana yangu yote. Hakunipigia kelele. Alisema: "Mama batoto, nilimtukana baba wa bantu juu ya uongo wako. Vaa, twende."

Tulimkuta kocha kwenye mtaa wa Mtandire, Lilongwe, anaendesha kabaza, anabeba abiria kwenye baiskeli. Nikapiga magoti pale barabarani, nikamwambia haikuwa wiki mbili, ilikuwa miaka miwili na nusu.

"Nilijua, mama," akasema. "Mtu wa wiki mbili hahemi vile akifunga kamba ya viatu. Nilikukubalia tu kwa heshima."

Sikujua nicheke au nilie. Nikafanya yote mawili.

Tukaenda naye kwa mwenye jimu, nikasema ukweli mbele ya bantu bote. Mwenye jimu akataka kumrudisha. Yeye akakataa. Alisema mahali wanapokufukuza bila kukuuliza, watakufukuza tena. Akatuaga, zikomo, asante kwa Kichewa, akapanda baiskeli yake.

Sasa nimerudi kwenye kasia. Dakika tano, polepole, na anayetaka kucheka acheke. Kilo mbili zimeshaenda.

Wewe unayerudi kwenye mazoezi baada ya kuacha, wakikuuliza umeacha muda gani, taja miaka yote. Na ukijiumiza mwenyewe, usitafute mtu wa kumbebesha. Mi nilipona. Yule baba, leo pia, kwenye jua hili kali, yuko barabarani Mtandire anakanyaga pedali na mtu nyuma, kwa sababu ya neno langu moja.