Bi Orpha na Simu Nane za Njia ya Mashariki

Watu wa Fenner Creek walikuwa wakisema kwamba ukipiga chafya jikoni kwako, Bi Orpha Tuttle atakuambia pole kabla hujapata leso. Walisema kwa kumtania, lakini haukuwa uongo sana. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekaa mbele ya ubao wa simu, katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, visikilizio kichwani, picha ya marehemu mumewe ikimtazama kutoka ukutani, na kila neno lililosafiri kwa waya katika mji ule mdogo wa Nebraska lilipita mikononi mwake kwanza. Ulizungusha kengele yako, na kabla haijalia mara ya pili Bi Orpha amekwisha itika. Hata siku moja hakumngojesha mtu. Na nani alikuwa na muda wa kutaja nambari? Ulisema tu, "Nipe Thelma," naye akakujibu, "Thelma kaenda kung'olewa jino. Jaribu saa kumi, na usimchekeshe."

Siku zile, bwana, simu haikuwa mali ya mtu mmoja. Njia ya Mashariki, ile barabara ya mashamba ya mahindi inayotoka kanisani mpaka mtoni, ilikuwa na nyumba nane kwenye waya mmoja. Kila nyumba na mlio wake. Kwa Mzee Gruber, mirefu miwili. Kwa Thelma Voss, mrefu na mfupi. Kwa Hulda Nygaard, mifupi mitatu. Lakini kengele zililia nyumba zote nane, kwa hiyo kila mtu alijua nani anatafutwa, na kila mtu aliinua simu yake kusikiliza. Nyinyi wa siku hizi mtauita umbea. Haya, uiteni. Gazeti lilitoka Alhamisi kwa Alhamisi, nalo lilikueleza nani alikula chakula cha Jumapili kwa nani, jambo ulilokwisha lisikia tangu Jumatatu, pamoja na aliyeunguza viazi. Adabu ilikuwa moja tu: inua polepole, na usihemee kwenye simu.

Bi Orpha aliwatambua hata wakiwa kimya. Nyuma ya kisogo cha Mzee Gruber kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, tak, tak, tak. Thelma alikuwa na ndege wa manjano ndani ya tundu, asiyejua kabisa maana ya siri.

Na Ijumaa, saa moja jioni, ilikuwa ya Merle.

Merle ni mtoto wa pekee wa Hulda, mjane wa shamba la mwisho kabla ya mto. Baba yake alimwachia ng'ombe kumi na mmoja na kodiani moja kuukuu. Jambo lenyewe lilianza mwaka ule wa theluji kubwa, barabara zilipofungwa wiki tatu na betri za redio zikafa moja baada ya nyingine, watu wakabaki wanatazamana na mume au mke waliyemchoka. Jioni moja Merle akapiga. "Bi Orpha, niunganishe na wote." "Wote kina nani?" "Wote. Mji mzima." Bi Orpha akachomeka waya zote alizokuwa nazo, na Merle akapiga kodiani mbele ya simu. Baada ya wiki mbili kila nyumba ilikuwa imejua ufundi wake: unachukua kipande cha kusikilizia, unakilaza ndani ya bakuli kubwa la kukandia unga, na muziki unajaa jikoni. Theluji iliyeyuka, betri mpya zikaja, na redio zikaendelea kuzimwa kila Ijumaa saa moja. Mzee Gruber, miaka sabini na minne, alicheza na ufagio. Bi Orpha peke yake ndiye hakuwa na bakuli, maana yupo kazini. Alisikiliza kwa visikilizio vyake, miguu ikicheza chini ya meza.

Halafu ikaja vita ya Korea ikamchukua Merle. Ijumaa zikawa bubu. Miezi kumi na minne.

Mwezi wa Novemba Hulda aliingia kwa Bi Orpha bila kubisha, barua imekunjwa kwenye mfuko wa aproni.

"Orpha, hebu tazama. Huu ni mwandiko wa mwanangu?"

Barua ilitoka hospitali ya wanajeshi, California. Ilisema niliumia kidogo, naendelea vizuri, msiwe na wasiwasi. Mwandiko wenyewe wa duaraduara, kama wa mwalimu wa darasa la kwanza.

"Labda kachoka, kamwambia muuguzi amwandikie."

"Hii ni barua ya tatu. Mtu huchoka miezi miwili?" Hulda akakaa kwenye kiti kwa kishindo. "Nimemwandikia nimemuuliza. Kanijibu habari ya supu. Orpha, mwanangu ana nini? Ana mikono? Ana macho? Silali."

Chini kabisa muuguzi alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe: majeruhi wanapewa zamu ya simu, na zamu ya Merle ni Alhamisi, saa nane mchana kwa saa za huko kwenu. Dakika tatu, kwa kuwa foleni ni ndefu.

"Basi Alhamisi utamsikia," alisema Bi Orpha. "Sauti haidanganyi kama barua."

Sasa hapa ndipo alipokosea, na mwenyewe alikiri mpaka uzee wake. Kulikuwa na mlio mmoja mrefu sana, wa habari za watu wote: moto, mvua ya mawe, ng'ombe kapotea. Hulda alipoondoka, furaha ikampanda Bi Orpha kichwani, akaupiga mlio huo. "Jamani! Merle wa Hulda atapiga simu Alhamisi saa nane!" Hakuna aliyemtuma. Alishindwa tu kuibeba peke yake.

Alhamisi, saa nane kasoro dakika mbili, opereta wa Omaha, mji mkubwa zilikopitia simu za mbali, akaita. "Fenner Creek, nina simu yako kutoka California." Bi Orpha alikosa tundu mara ya kwanza. Akapiga mifupi mitatu.

"Merle?" Hulda aliinua hata mlio wa tatu haujaisha. "Merle, ni wewe?"

"Mama!"

Ile sauti! Bi Orpha alifumba macho. Ndiyo yenyewe, na kile kikwaruzo chake cha asubuhi.

Ndipo ikaanza. Ka. Ka. Ka-ka. Njia ya Mashariki nzima ilikuwa inainua simu. Na simu za waya mmoja, kila moja inayoinuliwa hupunja sauti kidogo. Siku ya Ijumaa hilo halikuwa na neno, kodiani ilikuwa hapo hapo barabarani. Lakini sauti hii ilikuwa imetoka California, siku mbili kwa treni, imefika imechoka, na majirani saba wakaidaka mlangoni.

"Mama... una... kia?" Ilikuwa kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Sikusikii, mwanangu! Sema kwa nguvu! Merle!" Hulda alianza kulia. "Kakatika! Orpha, kakatika!"

Bi Orpha ndiye aliyewaalika. Akaingia kwenye mazungumzo, jambo ambalo opereta hafanyi.

"Jamani wekeni simu chini! Wote! Mnaimeza sauti ya mtoto wa watu!"

Hakuna aliyeweka. Kila mtu alidhani anaambiwa mwenzake.

"Thelma Voss, weka simu."

"Mimi sipo," alisema Thelma.

"Ndege wako anaimba, Thelma!"

Ka. Akaweka.

"Mzee Gruber, nasikia saa yako."

"Nataka kujua tu kama mzima."

"Na mama yake je, hataki kujua? Weka chini, mzee wangu, nakuomba!"

Ka. Akawataja wote, nyumba kwa nyumba, huyu kwa kikohozi chake, yule kwa birika lake linalochemka, na sauti ya Merle ikawa inapanda kidogo kila simu iliposhuka. Saba. Majirani saba, simu saba chini. Dakika nzima ilikuwa imekwenda. Na bado maneno yalikuwa yanakatika.

"Mama, nataka... nikuambie... mwenyewe..."

"Nini? Kuniambia nini, baba?"

Nani kabaki? Bi Orpha alitega sikio. Hakuna saa. Hakuna ndege. Kulikuwa na pumzi tu, pumzi ya mtu anayejizuia asisikike, na ilimchukua muda kuitambua maana hajawahi kuisikia. Ilikuwa yake mwenyewe. Swichi yake ya kusikilizia, inayonyonya sauti kama simu nyingine yoyote, ilikuwa bado wazi.

Alitaka kusikia. Mungu anajua alivyotaka. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, alikuwa na sauti za watu, na katika sauti zote ile ndiyo aliyoingoja miezi kumi na minne. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi na hakikutaka kushuka.

"Hulda," alisema, "na mimi natoka." Akafunga.

Chumba kikawa kimya kabisa. Akakaa na mikono mapajani, anatazama taa ndogo ya njia ya Omaha, anatazama saa. Dakika moja na nusu na zaidi kidogo. Taa ikawaka kuonyesha wamemaliza. Akachomoa waya.

Loo, ubao wake wote ukalipuka kwa miito!

"Kasemaje?" Huyo Mzee Gruber.

"Sijui."

"Orpha!" Huyo Thelma. "Miaka kumi na tisa hujawahi kutojua kitu, leo ndiyo umeanza? Unatufukuza ili ufaidi peke yako?"

"Nilitoka na mimi, Thelma."

"Ha! Mdanganye ndege wangu."

Saa kumi na mbili jioni Hulda akaita, na kwa kuwa mwito wa kwenda kwenye ubao haulii majumbani, safari hii hakuna jirani aliyeinua. Sauti yake ilikuwa imepwaya.

"Umesikia, Orpha?"

"Sikusikia hata neno."

"Ulitoka kweli?"

"Nilitoka."

"Baada ya hapo nilimsikia kama yupo chumba cha pili. Hata alipomeza mate." Akavuta pumzi. "Mkono wa kushoto, Orpha. Wameukata juu ya kifundo. Ndio anaoandikia. Na unajua kaniuliza nini? Kaniuliza, 'Mama, Ijumaa siku hizi mnasikiliza nini?' Nikashindwa kumjibu." Wakalia wote wawili, kila mtu na mwisho wake wa waya. Kisha Hulda akasema, "Anataka awaambie mwenyewe akirudi. Mtu asijue."

Na mtu hakujua. Bi Orpha, ambaye hakuwahi kukaa na habari hata nusu saa, alikaa na hiyo kuanzia Novemba mpaka Machi. Majirani wakamnunia. Walipomwita walisema jina wanalolitaka tu, bila salamu. Krismasi Thelma aligawa pai za tufaha barabara nzima, akaruka mlango wa Bi Orpha. Bi Orpha alimtazama dirishani akipita kwenye theluji, akaumia, akameza. Wakimuuliza, jibu lilikuwa lile lile, sijui.

Merle alirudi wiki ya pili ya Machi kwa treni ya asubuhi, mama yake akamchukua kwa gari bila kusimama popote. Ijumaa, saa moja jioni kamili, kengele ya Hulda ikalia kwenye ubao.

"Bi Orpha."

"Merle, mwanangu."

"Niunganishe na wote. Na leo usitoke, tafadhali. Mama kanieleza."

Akachomeka waya zote. Mji mzima ukainua. Saa ya Gruber, ndege wa Thelma, vikohozi, watoto wakiambiwa kimya.

"Habari zenu, jamani," alisema Merle. "Mkono wa kushoto nimeuacha Korea. Bi Orpha alijua tangu siku ile, mama ndiye aliyemwomba anyamaze, basi msimwonee. Wa kulia ninao. Wa kushoto leo ni mama."

Kodiani ikaanza. Ilianza vibaya sana. Merle alibonyeza funguo kwa mkono wa kulia, na Hulda, ambaye hajawahi kushika chombo chochote zaidi ya ndoo, alikuwa upande wa pili anavuta mifuo, ule mfuko wa hewa wa katikati.

"Vuta, mama!"

"Nimevuta!"

"Sasa sukuma. Mama, sukuma!"

"Wewe ndiye unachelewa, usinisingizie!"

"Hulda!" Mzee Gruber alipiga kelele. "Unavuta kama unakamua ng'ombe!"

"Weka simu chini wewe, hakuna aliyekuita!"

Mji mzima ukacheka, na katikati ya kicheko wale wawili wakapatana. Wimbo ukashika njia, ukichechemea, ukikatika pumzi palipokuwa hapafai, lakini ukaenda. "Orpha," ilisema sauti ya Thelma kwa chini, "una bakuli wewe?"

Hapo kazini hakuwa nalo. Alikwenda jikoni akaleta lile alilokandia mkate kwa miaka yote, hata unga hakuupangusa. Akavua visikilizio kichwani, akavilaza ndani, na muziki ukajaa chumba. Akasukuma kiti kando, akacheza, peke yake mbele ya picha ya mumewe, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Taa ya Omaha iliwaka mara moja, mara mbili, mara tatu ikitaka kuitikiwa. Bi Orpha hakuitikia.