Kioo Nyuma ya Saa ya Mzamiaji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa mzamiaji. Alishuka baharini na mtungi wa hewa kuokota majongoo ya bahari, na saa yake ya mkono ndiyo iliyomwambia muda wa kupanda. Ilikuwa saa nzito isiyotumia betri, nyuma imefungwa kwa chuma kitupu.

Siku moja alinikuta kibandani kwangu hapa Bagamoyo nikitengeneza saa ya mgeni yenye kioo nyuma, magurudumu yakionekana yanavyozunguka. Akaniomba na yake niiwekee kioo. Nilimwambia chuma kile kiliwekwa kwa ajili ya maji. Akacheka, akasema fundi kama mimi hashindwi.

Simsingizii. Nilitaka mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nikisafisha na kung'arisha mahali ambapo hapana mtu angepaona. Safari hii niliipiga mashine ya ndani ya saa msasa laini, nikaichora mistari myembamba iliyolingana, na skrubu nikazipasha moto mpaka zikawa za buluu. Kisha nikakata kioo, nikakibana kwa mpira wa zamani wa saa hiyo, ule wa kuzuia maji, maana mpya sikuwa nao. Nikaitumbukiza saa kwenye ndoo asubuhi nzima. Halikuingia hata tone.

Lakini ndoo haina kina. Wiki ya tatu maji yalipenya, saa ikasimama akiwa chini, naye akaendelea kuokota akidhani muda bado upo. Hewa ilipoanza kumwishia akapanda kwa pupa, jambo linalolemaza wazamiaji. Wenzake walipomvuta chomboni, miguu haikuwa na hisia. Alilazwa Dar es Salaam wiki nyingi, akarudi vilevile.

Nilimwendea dada nikamweleza yote. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ulijua mpira ule umechoka?"

"Nilijua."

Akaendelea kuanika mashuka ya mumewe.

Shemeji naye nilimwomba radhi. Alikuwa amelala akitazama dari.

"Ilipendeza, shemeji," akasema. "Niliwaonyesha wote chomboni."



Sasa wako Kiwangwa, kwa wazazi wa shemeji, na dada analima mananasi. Kila Ijumaa baada ya swala nakwenda kumwosha shemeji na kumgeuza ubavu, kwa kuwa vidonda vya mgongoni havifungi. Nikimwamkia dada shikamoo, huitikia marahaba bila kuniangalia. Huniwekea maji ya moto mlangoni, akachukua jembe, akaenda shamba mpaka nimalize.