Siku Issa Alipocheka Ukutani Chanika

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya Chanika ambayo hainitoki kichwani, ingawa tangu siku ile nimehama vyumba na miji mingi kuliko ninavyopenda kukwambia. Nilikuwa kijana, sina mke wala ratiba, nimepanga chumba Mabibo kwa Mzee Selemani.

Wakati wa vita ya Kagera mzee huyu hakubeba bunduki. Alibeba mashine ya sinema na shuka jeupe, akawaonyesha askari kambini kwanza habari za vita, halafu vichekesho ili wasahau kidogo. Siku moja wapiga picha wa habari waliigeuza kamera wakawapiga picha askari wenyewe wakitazama kichekesho. Safu ya mbele alikuwapo Issa, mdogo wake Mzee. Issa hakurudi kutoka vitani. Kipande kile cha filamu hakikutumika, Mzee akapewa, akakitunza kwenye kopo la maziwa.

Mama yao, Bi Somoe, aliishi peke yake Chanika. Kila Mzee alipokwenda kumsalimia alikiinua kipande dirishani, naye bibi akamtafuta mwanawe kwenye vipicha vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Lakini mwaka ule macho yake yalikuwa yanafunga. Akasema anataka kumwona Issa ukutani, mkubwa, anacheka, kabla hajashindwa kuona kabisa.

Basi tukaazima mashine kwa fundi redio wa Temeke, tukakodi jenereta, tukaziba madirisha ya bibi kwa mablanketi mchana ule. Mzee akajaribu kwanza kwa ncha ndogo ya kipande. Meno ya mashine yakachana matundu ya pembeni, maana filamu ilikuwa imekauka kama jani la mgomba. Akazima. Akaninong'oneza kwamba kikipita hakitapona. Nami, kwa akili yangu ya kidato cha nne, nikamwambia bibi ni heri tusubiri, huenda mjini yupo mtaalamu wa kukitengeneza, kisije kikapotea.

Bi Somoe alikuwa ameketi kitandani, kavaa kanga mpya, kajipaka mafuta usoni, kama mtu anayengoja mgeni.

"Kisipotee kwa nani, mjukuu wangu?" akaniuliza. "Mie ndo mwenye mtoto. Nyie mnanitunzia kopo."

"Mama, kitakatika," Mzee akasema.

"Kikatike. Sele, tangu utoto we mchoyo. Washa."

Mzee akawasha, akainama juu ya mashine, kidole kikiiongoza filamu taratibu ili meno yasiilume.

Issa akatokea ukutani. Alikuwa na umri wangu. Picha haikuwa na sauti. Alicheka mpaka akampiga mwenzake paja, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Bi Somoe akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa ukuta.

"Bado anaficha pengo," akasema, naye akacheka. "Nilimwambia hakuna mchumba atakayemkataa kwa jino moja."

Halafu filamu ikakatika. Ukuta ukabaki mweupe, na nje jenereta likaendelea kunguruma.

Mzee akabaki ameinama, vipande mikononi. Akauliza, "Mama, alikuwaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kambini Mzee alikuwa nyuma ya mashine, macho kwenye filamu. Na Chanika vilevile. Mdogo wake amecheka mbele yake mara mbili, na mara zote mbili hakumwona. Bibi akamvuta akae kitandani, akaanza kumsimulia: paja, kiganja, pengo. Mzee mwenye mvi alisikiliza kama mtoto, akiuliza tena pale pa kiganja. Mimi nikatoka kuzima jenereta, nikakaa uani peke yangu. Mama yangu alikuwa Singida, na nilijaribu kukumbuka anavyocheka, nikashindwa.

Leo nakaa Boko, na nawaona nyie vijana mnavyofika kwa wazazi wenu simu zikiwa zimetangulia usoni. Sikukatazi kupiga picha. Kwangu ninazo chache, na nyumba ikiwa kimya huwa nazitazama. Ila mtu wako akicheka mbele yako, iache mashine, hata kwa dakika ile tu, umwone kwa macho yako mwenyewe. Jua jino gani halipo na mkono gani hutangulia kuziba mdomo. Na kama unacho kitu ambacho mama anatamani kukiona, usikae ukikilinda mpaka macho yake yafunge. Mpelekee wiki hii. Kikiharibika mikononi mwake, hakijapotea.

Mwenyezi Mungu akufupishie njia ya kurudi kwenu, mwanangu, na ukibisha hodi, akujalie umkute wa kukuitikia.