Thamostati ya Sahani Moja

Mtani wangu alinidanganya mara nyingi kiasi kwamba siku aliponiambia kweli sikumsikia. Naanzia hapo, kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii watu hukimbilia kumlaumu muuza spea, au barabara. Barabara ya Kibiti ya miaka ile ilistahili lawama zote duniani, sikatai, lakini kosa hili halikuwa lake.

Nilikuwa dereva wa ushirika. Ushirika ulipoanza kukata roho na magari yake kupigwa mnada, nilinunua lori lile lile nililokuwa nikiliendesha, la Kiingereza, pua ndefu, zee kuliko nusu ya madereva wa Kibiti. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Kila mwenye gunia na mzani alikuwa mnunuzi wa korosho, nami nikawa nabeba za watu wa Mahege na Mtawanya kwenda Dar es Salaam, narudi na saruji, bati na sabuni, vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni tangu alfajiri.

Fundi wangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na watengeneza barabara, akaoa Kibiti, akabaki. Wanyamwezi na sisi watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara, na yeye utani aliufanya kwa bidii kama anavyofanya kazi. Mwaka uliotangulia alinituma Dar nikamnunulie "sindano ya kuongezea kompresheni". Mimi, dereva wa miaka kumi na mitano, nikaenda. Duka la kwanza walinielekeza la pili kwa nyuso kavu kabisa, la pili likanielekeza la tatu, na la tatu wakanipa kiti, wakaniagizia chai, kisha mtaa mzima wa Gerezani ukaja kunitazama. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikamlipa kwa furushi la kambamiti kutoka delta. Alipolifungua mbele ya wakwe zake akakuta samadi ya ng'ombe. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Msimu ule lori likaanza kuchemka. Nikalipeleka kwenye banda lake nyuma ya soko, akafungua juu ya injini na kutoa thamostati, kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, ambacho kazi yake ni kuyazuia maji ndani ya injini mpaka yapate moto, kisha kuyafungulia mlango yaende kwenye rejeta yakapoe. Akakifunga waya na kukitumbukiza kwenye sufuria ya mama muuza chai aliyekuwa jirani.

"We fundi! Sufuria yangu ya chai hiyo!" mama akapiga kelele.

"Naipima homa, shangazi. Vumilia."

Maji yakatokota, kidude hakikufunguka. "Imefia mlangoni," akasema. Kisha akanigeukia, na watu waliokuwa wanakunywa chai wakasogea, maana walijua kitafuata kichekesho.

"Sikiliza, mtani. Gari jingine ningekwambia uitupe uende bila kitu, kama wafanyavyo mafundi wote huku kwa kuwa ni joto. Hili usithubutu. Injini hii ni mume wa wake wawili. Maji yana njia ya kwa bi mkubwa, kwenye rejeta, na njia ya mkato ya kwa bi mdogo, inayoyarudisha humo humo kwenye moto. Sahani ya juu ikifungua kwa bi mkubwa, sahani ya chini inafunga kwa bi mdogo. Nunua yenye sahani mbili, ya digrii themanini na mbili. Ukiniletea ya sahani moja, maji yote yataishia kwa bi mdogo, na wewe utakuja kulia."

Watu wakaangua kicheko. Mama wa chai alicheka hadi akajishika kiuno. Mtani mwenyewe akacheka, na kile kicheko chake ndicho kilichoniponza. Akakunja kipande cha bati, akakipachika mahali palipotoka thamostati kuziba njia ya kwa bi mdogo, akasema hicho cha kunifikisha Dar tu. Akaifunga ile mbovu kwenye gazeti niende nayo dukani kama sampuli. Nikajiambia moyoni, sindano ya kompresheni imezaa mtoto. Alipogeuka kunawa mikono, nikaliacha lile furushi la gazeti kwenye benchi la mama wa chai, nikaondoka.

Lori likaenda Dar bila kuchemka hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu ya ubaridi wa asubuhi.

Mama yangu alikuwa Mbagala kwa dada yangu, mwezi wa tatu huo, akitibiwa. Nilipoingia nikamkuta amekuwa mwepesi hata mkeka ulikuwa haujui kama kuna mtu. Dada akanivuta kando na kuniambia madaktari wamesema tumrudishe nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa ameshajua. Akanishika mkono.

"Nipeleke kwetu, mwanangu. Nataka kulala ubavuni mwa baba yako. Sitaki jingine."

Baba alizikwa Mtawanya, nyuma ya mikorosho aliyoipanda mwenyewe. Nikamwambia, "Kesho, mama. Kesho adhuhuri uko kwako." Nililisema kwa urahisi, kama dereva anavyomwambia abiria.

Mchana nikaenda Gerezani kununua thamostati. Enzi za ushirika tungeandika barua na kungoja miezi. Sasa makabati ya vioo yalikuwa yamejaa mpaka juu. Muuzaji akauliza, "Sampuli iko wapi?" Nikasema sina. Akanitandikia tano juu ya meza. Mbili zilikuwa na namba niliyoitaka. Moja ilikuwa nzito, imefifia, imefungwa kwenye karatasi ya mafuta, na chini yake ina sahani ya pili. Nyingine iling'aa kama bangili ya bi harusi, sahani moja.

Niliishika ile nzito. Nataka niseme ukweli wote: niliishika. Nikafungua mdomo kuuliza kama kuna injini inayotaka sahani mbili, na papo hapo muuzaji akamgeukia mwenzake akatabasamu. Huenda alikuwa anatabasamia mambo yake. Mimi niliona kile kiti, ile chai na mtaa mzima umejipanga mlangoni. Nikairudisha mezani.

"Nipe hii inayong'aa."

Fundi wa barabarani akaifunga kwa nusu saa. Alipokiona kile kipande cha bati alikichomoa kwa koleo. "Nani kakuwekea takataka hii?" akasema, akakitupa mtaroni, nami nikacheka naye.

Tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Nilipakia saruji makusudi, kwa kuwa lori tupu hurusha na lenye mzigo hutulia. Nikaipanga sawasawa, tukatandika magodoro mawili juu yake na kuvuta turubai. Mama alilala pale na dada ameketi kichwani kwake. Nilijiona mtoto mwema sana.

Baada ya Mkuranga mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikasimama, tukangoja, nikaongeza maji, tukaenda. Ukapanda tena. Mwendo ukawa wa kilima kimoja kimoja, halafu wa nusu kilima, magurudumu yanazama kwenye mchanga na injini inanguruma kwa gia ya kwanza. Rejeta nikiigusa ilikuwa vuguvugu tu, wakati injini inatokota. Dereva yeyote mwenye akili angeelewa hapo. Na mimi nilielewa. Nilisimama na debe la maji mkononi, nikawaona bi mkubwa na bi mdogo waziwazi, na sikuwa na hata kipande cha bati cha kukunja.

Kila tuliposimama mama aliuliza kutoka juu, "Tumefika wapi?"

"Tunakaribia, mama."

Bungu hatukuipita. Mlio ulitoka chini ya boneti, mvuke mweupe ukapanda, na lori likasimama mbele ya nyumba ya mwanamke aliyekuwa anauza mihogo ya kuchoma. Saa nne ilikuwa imepita. Nilijaribu kuwasha, likakataa. Kifuniko cha injini kilikuwa kimepinda kwa moto. Mwanamke yule hakuuliza sisi akina nani. Aliita vijana wawili, wakamshusha mama na godoro lake, akamwingiza chumbani mwake.

Basi la Kibiti likapita limejaa hadi mlangoni. Nilimsihi utingo, akasema, "Mgonjwa wa kulala nimweke wapi, mzee wangu? Kichwani kwa dereva?" Hakuwa mtu mbaya, kweli hapakuwa na nafasi. Nikamwomba angalau afikishe neno kwa fundi wangu: aje na gari lolote, lori limekufa Bungu na mama yangu mgonjwa yumo.

Nikangoja. Magari mawili yalipita, yote yakielekea Dar. Nilifungua boneti, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilifuta vitu visivyohitaji kufutwa. Adhuhuri ile niliyoahidi ikaadhiniwa, mimi nikiwa nimeinamia injini iliyokufa, na hapo ndipo dada alipotoka akaniita kwa jina langu la utotoni.

Nilimkuta mama macho wazi. "Tumefika wapi?"

Sikuweza kusema tena tunakaribia. "Bungu, mama."

Akafikiri kidogo. "Bungu," akasema, kama mtu anayejaribu kukumbuka kama ana ndugu huko. Dada akaanza kumtamkisha shahada.

Mwalimu wa madrasa alikuja na wazee wawili. Walinipa pole, wakaniuliza kwetu wapi. Nikasema Mtawanya, si mbali, kabisa si mbali. Yule mwalimu akasema kwa upole kwamba maiti haichelewishwi, na kama lipo gari la kumfikisha kabla ya jua kuchwa, wao watasaidia kumpakia. "Gari liko wapi?" akauliza. Nikalitazama lori langu. Wakaanza kuchimba.

Mtani alifika tulipokuwa tunatoka msikitini baada ya sala ya alasiri na jeneza mabegani. Alikuja kwa baiskeli, kutoka Kibiti yote ile, nguo za kazi zimelowa jasho, mkoba wa spana begani. Akalitazama jeneza, akanitazama.

"Nilipata salamu zako," akasema. "Nilidhani unanilipiza."

Utingo alimfikishia neno saa tano kasoro, na yeye na mama wa chai wakacheka. Na kuna gari la hospitali lilikuwa limeegeshwa Kibiti asubuhi ile, na dereva wake alikuwa pale pale anakunywa chai. Mpaka mtu mmoja wa pikipiki alipopita akisema ameliona lori langu Bungu na watu wamekusanyika, gari lile lilikuwa limeshaondoka.

Nikasogea, akaingiza bega chini ya jeneza.

Tukafika kaburini. Wazee wakaweka jeneza chini, na kabla hatujanyoosha mikono, mtani akatupa mkoba wake, akaruka ndani ya kaburi na kuketi chini. Hiyo ni haki ya mtani, kila mtu anaijua. Watu waliochoka na jua wakaanza kutabasamu.

"Huyu hazikwi hapa!" akapaza sauti kutoka shimoni. "Huyu si wa Bungu! Mume wake anamngoja Mtawanya! Mpelekeni kwao!"

Wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachofungua kifua. Mzee mmoja akasema, "Haya, mpeni mtani chake atoke." Sarafu zikaanza kumdondokea miguuni.

Hakuziokota. "Mpelekeni kwao," akasema tena, sasa kwa sauti ya chini, ananitazama mimi peke yangu, na kwenye uso wake hapakuwa na utani hata chembe. Watu wakazidi kucheka na kuongeza sarafu. Nilitaka kuwaambia kwamba hatanii. Nilitaka kusema, msikilizeni mtu huyu, anasema kweli. Lakini jua lilikuwa linashuka na mama alikuwa anangoja, kwa hiyo niliinama, nikampa mkono, nikamvuta atoke.