Colombe aliikimbia a-kassa, akaangukia deni

Zrrr. Kimya. Zrrr tena, polepole.

Saa kumi na robo alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili mjini Märsta, Uswidi, zipu ya koti la kazi inapandishwa gizani kidogo kidogo. Colombe, mwenye miaka 33, hataki kumwamsha binti yake Darlène, wa miaka mitano, aliyejikunja ukutani na miguu nje ya blanketi.

"Nikiwasha taa ameamka. Akiamka anataka uji. Akipata uji anataka hadithi. Basi halisubiri hadithi," ananong'ona, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Mlangoni anapishana na mumewe, Callixte, anayerudi kutoka zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo.

"Amelala?"

"Amelala. Chai iko kwenye chupa."

"Haya, Mama Darlène. Barafu imeshika huko nje. Usitembee kama unakwenda harusini."

Siku nyingi hayo ndiyo mazungumzo yao yote mpaka jioni.

Kabla ya saa kumi na mbili, Colombe yuko ndani ya ndege iliyotua uwanja wa Arlanda usiku, amepiga goti kati ya viti. Kazi yake ni kusafisha ndege. Wenzake wanashika vyoo na mazulia. Yeye ameshika mifuko ya viti, mahali watu wanaposahau miwani, maganda ya machungwa, meno ya bandia, na mara mojamoja pasi ya kusafiria.

"Niliwahi kuokota pasi ya Uswidi," anasimulia. "Niliishika kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi wa moto, nikaenda nayo mbio kwa msimamizi. Mwenzangu akaniambia, 'Wee, mbona unakimbia, imekuuma?' Nikamwambia hapana, naogopa kuizoea ya mtu."

Ya kwake ndiyo anayoitafuta.

Colombe alizaliwa Rumonge, Burundi, akakulia kambi ya wakimbizi Kigoma, Tanzania, na ana miaka kumi na mmoja Uswidi. Hati ya kusafiria aliyo nayo inampeleka karibu kila nchi, isipokuwa ile aliyoikimbia. Na huko ndiko mama yake alikorudi.

Mama huyo ni fundi cherehani. Kwa miaka mitatu sasa, kila mwaka hushona gauni la kitenge la mjukuu ambaye amemwona kwenye simu tu. Halitumi. Anataka kumvalisha kwa mikono yake. Magauni matatu sasa yananing'inia nyuma ya mlango wake, na yote matatu yameshakuwa madogo.

"Ananionyesha kwenye simu," anasema Colombe. "Hanilaumu hata siku moja. Ndiyo maana inaniuma."

Majira ya kuchipua mwaka jana, akiwa anajiandaa kuomba uraia, kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilipoteza zabuni, na wafanyakazi wa mwisho kuajiriwa wakawa wa kwanza kutoka. Colombe alikuwa mwanachama wa a-kassa, ile bima ya watu wanaopoteza kazi. Kila mwezi, kwa miaka sita, alikuwa akiilipia ada.

Lakini hakuomba hata krona moja.

Sababu ilianzia kanisani, baada ya ibada, penye meza ya kahawa. Mzee Juvénal, muumini anayeheshimika na asiyekosa habari, aliwaambia vijana waliomzunguka: "Ninyi shikeni pesa ya serikali. Uraia mtausikia kwa wenzenu."

Callixte alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba mayai. "Mama Darlène, tuvumilie," alimwambia mkewe. "Tusiguse kitu. Wakifungua faili letu walikute safi."

Ni kosa linalofanywa na wengi katika jamii zetu hapa Stockholm. Kwa mtu aliyekulia kwenye foleni ya mgao, pesa yoyote usiyoitolea jasho wiki hiyo ni msaada, na msaada una mwenyewe, na mwenyewe anaandika jina lako. A-kassa, soc ya ustawi wa jamii, posho ya mtoto, vyote vinatiwa kwenye kapu moja.

Wakavumilia kweli. Callixte aliongeza zamu za Jumamosi. Colombe alisuka nywele jikoni. Nyama ikawa ya Jumapili, kisha ya Jumapili moja moja. Kodi ya nyumba, inayokaribia krona elfu tisa, ililipwa, lakini umeme uliachwa ungoje. Barua ya kwanza ya kukumbushwa ikaja, na ya pili ikafuata.

"Nilikuwa naziweka chini ya mkeka wa mlangoni," Colombe anakiri. "Darlène akikanyaga, karatasi zinalia. Akaniuliza kwa Kiswidi kama kuna panya."

Mambo yaligeuka Sundbyberg, kando ya Stockholm, kwa Brigitha.

Brigitha ni Mtanzania, mhudumu katika nyumba ya wazee, na sebuleni kwake ndiko wanawake kumi na wanne hukutana mara moja kwa mwezi kwa ajili ya kikoba chao. Mbali na akiba, kila mmoja hutia kitu kwenye mfuko wa jamii, wa kumwinua mwenzao akipatwa na ugonjwa au msiba. Mtunza mfuko ni Colombe.

Mwezi ule Brigitha alikuwa ameteleza kwenye ngazi na kuvunjika mkono. Wenzake walipitisha apewe pesa za mfuko. Akakataa, mkono wenye plasta juu ya meza kama rungu.

"Mimi si ombaomba. Wapeni wenye shida."

Colombe akapandwa na hasira. "Dada Brigitha, ombaomba ametoka wapi hapa? Umeweka mwaka wa nne huu. Hii si sadaka, ni yako imekuja na za wenzako. Ukiikataa unatutukana sisi tuliokuwa tunaweka."

Brigitha akavuta kikombe chake kwa mkono mzima. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na a-kassa unayolipia kila mwezi, umemwachia nani? Mfalme?"

Sebule nzima ikalipuka kwa kicheko. Mmoja alimwagikiwa na chai. Colombe anasema yeye alicheka wa mwisho, na aliacha wa kwanza.

"Nilisikia maneno yangu yananirudia yamevaa viatu vyangu," anasema. "Nimekaa na mfuko mapajani, namfokea mtu mzima kwa kosa ninalolifanya mwenyewe."

Wakapatana pale pale mbele ya mashahidi. Brigitha angechukua zake, Colombe angefuata zake.

Siku iliyofuata alijiandikisha kwa wakala wa ajira, kisha akaomba a-kassa. Miezi miwili aliyokaa kimya haikurudi, kwani malipo hayahesabiwi kabla ya kujiandikisha. Halafu, Callixte akiwa bado amenuna, wakaenda pamoja kwenye dawati la ushauri la manispaa, wakauliza kile ambacho walipaswa kuuliza mwanzoni.

Mshauri aliwaeleza kwa upole. A-kassa ni bima ya mfanyakazi, na msaada wa soc ni jambo jingine. Masharti ya uraia yanakazwa, na suala la mtu kujitegemea linapewa uzito, hivyo kila mmoja aulize mamlaka ya uhamiaji kuhusu hali yake mwenyewe, kwa tarehe anayoomba. Kisha akauliza kama wana madeni.

Callixte akatazama viatu vyake. "Umeme," akasema.

Deni lisilolipwa likifika Kronofogden, mamlaka inayokusanya madeni, hilo ndilo linaloweza kukwamisha ombi, mshauri aliwaambia. Wao walikuwa wamebakiza barua moja tu kufika huko.

"Tulikimbia mvua tukaingia mtoni," anasema Callixte sasa, akijicheka. "Tena mvua yenyewe ilikuwa ya kwetu."

Malipo ya kwanza ya a-kassa yalikwenda moja kwa moja kwenye umeme. Mkeka ukanyamaza. Baada ya miezi minne Colombe aliitwa na kampuni iliyoshinda zabuni, na sasa anapata takriban krona elfu ishirini na tatu kwa mwezi kabla ya kodi. Jioni mbili kwa wiki yuko darasani akinoa Kiswidi. Ombi la uraia, lake na la Darlène, liko kwenye foleni.

Na Mzee Juvénal? Colombe alimfuata penye meza ile ile ya kahawa, akamweleza yote. Mzee alikoroga kikombe chake. "Sasa, binti yangu," akasema, "hilo dawati la ushauri linafunguliwa saa ngapi?"

Colombe hana hakika ya jibu atakalopata. Amewaona waliosubiri miaka, na anajua sheria inaweza kubadilika akiwa bado kwenye foleni. "Lakini sasa nangoja nikiwa nimesimama wima," anasema. "Zamani nilikuwa nangoja nimejificha."

Jumapili mchana, familia yote imebanana kwenye kochi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kwenye kioo, bibi wa Rumonge ananyoosha kitenge kipya cha rangi ya manjano, mkasi mkononi.

"Mama Darlène, nikate kipimo gani mwaka huu? Cha mtoto alivyo leo?"

Colombe anaanza kuhesabu kwa vidole muda wa foleni. Darlène, ambaye kila siku huwajibu wazazi wake kwa Kiswidi, anapanda juu ya mto, anasogeza uso mpaka unajaa kioo kizima, na anasema kwa sauti, kwa Kiswahili:

"Bibi, shona kubwa."